Chupa Nyeusi za Ziwa Lugombo

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1994. Kulikucha kwa manyunyu na ukungu mzito. Mlima Rungwe ulikuwa umefichika wote, na migomba ya jirani ilionekana nusu nusu, kana kwamba mtu alikuwa ameifuta kwa kiganja.

Andongwisye alishuka ziwani akiwa amekumbatia kapu lenye chupa tatu ndogo. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mzee wa kanisa, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili kuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Ziwa Lugombo halikuwa mbali na nyumba yake. Ni shimo la mviringo lililoachwa na moto wa mlima zamani za kale. Halina mto unaoingia wala unaotoka, na kingo zake ni kali, zimefunikwa na msitu. Upande mmoja tu ndio unaoteremka taratibu, mashamba ya migomba yakifuata mteremko mpaka kwenye ufuko wa mchanga mweusi. Hapo kijiji kizima kilioga. Hapo watoto walijua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na hapo waombolezaji waliteremka wote baada ya maziko ili kuosha msiba miilini mwao.

Alhamisi iliyopita walikuwa wameteremka hivyo. Mjukuu wa jirani yake Lukasi, mtoto wa miaka minne, alikuwa amekufa kwa kuhara damu.

Ufukoni hapakuwa na sauti. Vyura walikuwa kimya, maji yametulia, na ukungu ulikuwa ukijisogeza juu ya maji ingawa hapakuwa na upepo. Andongwisye aliinama, akajaza chupa ya kwanza. Alipoinua kichwa, akawaona.

Walikuwa wanne. Walikuwa kando ya maji, kama hatua hamsini kutoka kwake, pale migomba inapokutana na matete. Walikuwa wamejifunika nguo tangu kichwani hadi magotini, wala hawakuonyesha nyuso. Hawakuenda kama watu waendavyo. Walikwenda wameinama, upande upande, wakimpa mgongo.

"Mugonile," aliwasalimu kwa Kinyakyusa, maana huwezi kukutana na watu asubuhi ukapita kama mbwa.

Hakuna aliyeitikia. Wa mbele alichutama palepale, akawa mdogo, akazidi kuwa mdogo, kana kwamba ardhi ilikuwa inamvuta. Wengine watatu waligeuka, na ukungu ukajifunga nyuma yao. Andongwisye aliposogea hatua chache, hapakuwa na mtu. Majani ya migomba yalikuwa yakitikisika kidogo, basi.

Alifumba macho, akasema kwa sauti, "Bwana Yesu, mimi mtumishi wako nimekuja kuchota maji tu."

Chupa mbili zilizobaki alizijaza kwa haraka, moja kwenye matete, nyingine upande wa pili penye jiwe kubwa, ambako watu hawaendi. Alipanda kurudi nyumbani bila kutazama nyuma, na katika umri wake mkubwa aliona aibu kwamba miguu ilikuwa inataka kukimbia.

Chupa zile aliletewa na Safina, bibi afya wa wilaya, binti wa fundi cherehani wa Ibighi. Ndani ya kila moja kulikuwa na kipande cha karatasi kilicholoweshwa dawa. Ukijaza maji hadi kwenye alama na kufunga kizibo, unaweka chupa mahali pa joto siku moja, mbili, hata tatu. Maji yakibaki na rangi ya chai hafifu, shukuru Mungu. Yakigeuka meusi, basi ndani yake mna kinyesi.

"Vidudu vya tumboni vimezoea joto la tumbo," Safina alimweleza siku ya kwanza. "Na baridi hii yenu ya Tukuyu, chupa ukiiacha dirishani itakudanganya."

"Niiweke wapi basi, bibi afya?"

"Juu ya jiko, palepale mnapokaushia mahindi. Mama Ackson asikufukuze tu."

Mama Ackson, ndiye Sekela mkewe, hakumfukuza, lakini alikuwa akipika huku amegeuzia chupa kisogo. Alisema hawezi kusonga ugali huku vitu vile vinamtazama.

Andongwisye aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alikuwa amejifunza kuandika ukubwani, katika masomo ya jioni, na kila Jumatatu aliandika kwenye daftari: sehemu, saa, hali ya hewa, rangi ya chupa. Kwa wiki saba mfululizo chupa ya jiweni ilibaki rangi ya chai. Chupa ya matete na chupa ya ufukoni ziligeuka nyeusi, na kila baada ya mvua ziligeuka upesi zaidi.

Hilo ndilo lililomsumbua. Ng'ombe hawakunywa Lugombo, walipelekwa mtoni. Hapakuwa na kiwanda wala zizi. Tena yeye mwenyewe alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akihesabu vyoo, akaandika kwa herufi kubwa: KAYA 41, VYOO 41. Choo chake kilikuwa cha mfano. Kilikuwa na bati, mlango wa mbao na kuta zilizopakwa chokaa. Wageni kutoka wilayani walikuwa wakiletwa kukitazama.

Sasa weusi ule ulikuwa unatoka wapi?

Siku ya pili yake, Jumanne mchana, ukungu uliinuka kidogo. Andongwisye alimkuta Hasheem ufukoni, akipigilia misumari kwenye kibanda chake. Hasheem alikuwa kijana wa Tukuyu mjini, muuza mitumba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Tangu biashara iachiwe huru alikuwa amejaribu mengi, na sasa alitaka kufanya ufuko wa Lugombo uwe mahali pa watu kuja Jumapili kuogelea na kunywa soda. Wilaya ilimwambia hatapewa kibali mpaka maji yawe salama kwa miezi mitatu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Chupa zinasemaje leo? Zimenisamehe?"

Andongwisye alitoa chupa ya ufukoni mfukoni mwa koti. Ilikuwa imekaa juu ya jiko siku moja tu. Maji yake yalikuwa meusi tii, na karatasi ndani haikuonekana.

Hasheem aliacha nyundo. "Hii si maji, mzee. Hii ni wino. Umechota kwenye daftari lako?"

"Nimechota hapo ulipoweka mguu."

Hasheem aliutazama mguu wake, akauondoa majini taratibu. "Wallahi, chupa zako zina chuki na mimi."

Kabla hajajibiwa, Lukasi alitokea kwenye migomba. Alikuwa mzee kuliko Andongwisye, mrefu, na tangu Alhamisi alikuwa hajanyoa ndevu. Hakusalimu. Aliichukua chupa mkononi mwa Andongwisye, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Mnachota kifo kwa chupa, halafu mnauliza ni nini."

"Ni uchafu, ndugu yangu," Andongwisye alisema kwa upole.

"Uchafu wa nani? Wewe si ndiye uliyehesabu vyoo?" Lukasi alimrudishia chupa. "Watu wamewaona hao wa ziwani. Mke wangu kawaona, watoto wa shule wamewaona. Alfajiri, wamejifunika, hawaitikii salamu. Wanakuja kuoga. Wafu wa ziwa hili wamekasirika, na wamenichukulia mtoto. Jumamosi tunakutana hapa hapa. Nitatoa ng'ombe. Tukishamaliza hilo watoto wataoga kwa amani, na huyu mwenye soda atauza soda zake."

Hasheem alisema, "Mzee, mimi mgeni, sina neno." Lakini alianza kukusanya misumari yake.

Andongwisye alitaka kumwambia Lukasi kwamba yeye ni mtu wa kanisa, hawezi kusimama kwenye damu ya ng'ombe. Hakusema. Alikumbuka watu wanne wenye kuinama.

Jioni hiyo, Tulia akaanza kuhara.

Tulia alikuwa mjukuu wake, miaka sita, binti wa Ackson. Ackson alikuwa Chunya akichimba dhahabu, na mkewe Atupele alikaa na mtoto katika nyumba ndogo nyuma ya nyumba ya wakwe zake. Tulia aliishi majini kama samaki. Jumapili yote alikuwa ameogelea, akinywa na kutema maji, akicheka. Sasa alikuwa amelala amekunja magoti kifuani, na Sekela alipotoka nje na ungo wa majivu, Andongwisye aliona damu kwenye majivu.

Hakuingia. Alisimama uani, akaomba mpaka sauti ikamkauka. Mtoto alilia kidogo, kisha akanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko kilio.

Alfajiri ya Jumatano mvua ilikuwa imekatika. Sekela alikuwa anatayarisha nguo za kumbebea mtoto kwenda hospitali ya Igogwe. Andongwisye alisema anateremka mara moja ziwani.

"Kufanya nini, na mtoto yuko hivi?"

"Kuna neno nataka kuliona."

Hakusema kwamba alikuwa anakwenda kuonana na wafu. Alikuwa amefikia uamuzi huo katika maombi: kama wale walikuwa wanachukua watoto, basi wakutane na mzee kwanza.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama maziwa. Hapakuwa na mtu. Alipofika kwenye matete, alisimama ghafla. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo, na juu yake kulikuwa na nyayo. Zilikuwa mbichi, maji yalikuwa bado yanajikusanya kwenye visigino. Zilikuwa nyayo za mtu mmoja, pekupeku, ndogo. Zilikuja mpaka ukingoni, zikazunguka, zikarudi.

Andongwisye alizifuata. Zilipita katikati ya migomba, si kwenye njia, bali kando ya njia, zikikwepa kila mahali ambapo mtu angeweza kuonekana. Kila zilipokaribia njia ya watu zilirudi nyuma na kuchukua mzunguko. Hakuna mtu aliye hai, alifikiri, anayetembea kwa kuwaogopa watu wote namna hii. Zilipanda mteremko. Zilivuka mtaro. Aliujua mtaro ule. Alikuwa ameuchimba mwenyewe.

Nyayo ziliingia uani kwake kwa nyuma. Zilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa nyumba ndogo alimolala Tulia, na hapo zikaingia ndani.

"Bwana wangu," alinong'ona. "Umewaacha wakaja mpaka hapa."

Aliweka mkono juu ya fremu ya mlango, lakini hakuvuka. Ndani alisikia mtoto akipumua kwa taabu, na mtu mwingine akipumua pia, karibu sana na mlango. Pumzi ile ya pili ilikatika ghafla. Kitu kilianguka chini taratibu, kama mtu anayepiga magoti gizani.

"Baba Ackson!"

Alishtuka karibu aanguke. Sekela alikuwa nyuma yake, na sufuria ya maji ya moto mkononi.

"Unatafuta nini kwenye mlango wa mkamwana wako?"

"Nafuata nyayo."

"Nyayo za nani?"

"Za hao. Wa ziwani. Zimetoka majini, Mama Ackson, zimekuja mpaka hapa, zimeingia kwa mtoto..."

Sekela alitazama chini, akaona matope. Alimtazama mumewe kama mtu anayetazama mtoto aliyemwaga uji. Kisha alimshika mkono, akamvuta mpaka nyuma ya stoo ya mahindi.

"Hizo ni nyayo za Atupele," alisema.

"Atupele alikwenda kufanya nini kwenye matete alfajiri?"

"Unataka niseme kwa mdomo wangu? Mtu anaamka asubuhi, anakwenda wapi?"

"Si kuna choo!"

"Choo chako."

"Choo chetu! Kina mlango, kina bati..."

"Choo unachoingia wewe," Sekela alisema. "Wewe baba mkwe wake. Aingie humo? Akae mahali ulipokaa wewe? Mambo yenu yachanganyike shimo moja? Mwe bandu, jamani! Mwanamke gani aliyelelewa atafanya hivyo?"

Andongwisye aliujua ukutila, mwiko wa wakwe, nani asiyeujua? Mkamwana hamwoni baba mkwe wake, hatamki jina lake, hapiti njia aliyopita. Akimsikia anakuja, hujifunika na kuinama mpaka apite.

"Lakini sisi tuliacha mambo hayo," alisema hatimaye. "Tulipobatizwa tuliacha."

"Wewe uliacha. Nani alimwuliza Atupele? Nilimfundisha mimi, kama mama yako alivyonifundisha mimi. Miaka sita yuko hapa, umewahi kuuona uso wake?"

Alitafuta uso ule kichwani mwake. Aliona kanga. Aliona mgongo. Siku zote alikuwa amefikiri kwamba binti huyo ana haya.

"Na wewe, Mama Ackson, baba yangu alipokuwa hai..."

"Nilikwenda kwenye kichaka. Sote tulikwenda kule juu, mbali na maji, kilikuwa kichaka kikubwa. Halafu malori ya Dar es Salaam yakaanza kuja kununua ndizi, na nyie wanaume mkakata kichaka mkapanda migomba mpaka ukingoni. Mlibakiza matete. Mkamwana aende wapi? Aruke angani?"

"Pale kwenye matete wanakwenda akina nani?"

"Atupele, na wale wakamwana wawili wa Lukasi. Wa nyumba za upande wa pili wana mahali pao. Wanakwenda alfajiri, watatu, wasikutane na wakwe zao. Juzi wewe ukawasalimu! Walirudi hapa wanatetemeka, Atupele hakula mpaka jioni."

Andongwisye alihesabu kwa vidole. "Mama Ackson, juzi walikuwa wanne."

"Watatu."

"Niliwahesabu. Yule wa mbele aliyechutama, na watatu waliogeuka."

Sekela alimtazama, na maji ya moto yalikuwa yanapoa mkononi mwake. "Wanasema walipokuona waligeuka wote pamoja," alisema polepole. "Hakuna aliyechutama."

Waliinamisha vichwa wakaomba pamoja, sala fupi, kisha wakaenda kumchukua mtoto.

Safari ya Igogwe ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Atupele alitangulia, mtoto mgongoni, Sekela akimfuata. Andongwisye alikuja nyuma, mbali. Sasa aliyaona yale ambayo kwa miaka sita hakuyaona. Kila aliposogea karibu, mama yule mwenye mtoto mgonjwa aliacha njia na kuingia kwenye majani mabichi ili asiwe mbele yake. Mara ya tatu aliteleza na kupiga goti, na mtoto akalia. Andongwisye akasimama. Alikaa juu ya jiwe na kuwaacha waende mpaka wakapotea. Kwa hatua zake mwenyewe alikuwa anamchelewesha mjukuu wake kufika hospitali.

Alikuwa bado amekaa pale Safina alipopita kwa baiskeli akitokea Lupepo. Andongwisye alimweleza yote, macho yake yakiwa chini, kwa maneno ya kuzunguka, maana si mambo ambayo mwanamume humwambia binti wa watu.

Safina hakucheka. "Baba, na kwenye fomu tuliandika vyoo arobaini na kimoja."

"Niliandika mimi."

"Fomu haikuuliza nani anaingia." Alifikiri. "Kazi yenyewe si ngumu. Kila nyumba yenye mkamwana ichimbe choo cha pili, huko juu, mbali na maji. Ukanda wa matete ufungwe na uachwe uote majani. Mfereji uchimbwe juu yake ili mvua isisombe uchafu kuingia ziwani. Watoto wasioge mpaka chupa zibaki safi. Ugumu ni huu mmoja. Jumamosi nikisimama mimi mbele ya wazee nikawaambia kwamba wake za wana wao wanakwenda matete, nini kitatokea?"

Andongwisye alijua. Wanawake wale wangeaibishwa mbele ya kijiji kizima. Wengine wangepigwa. Atupele angefunga mzigo wake na kurudi kwao akiwa na Tulia. Na kama asingesema mtu, Lukasi angechinja ng'ombe wake, wazee wangesema mambo yamekwisha, na Jumapili watoto wote wangeingia majini wakipiga kelele za furaha.

"Niachie mimi," alisema.

Siku tatu hakula mchana, aliomba. Igogwe walimpa Tulia dawa na maji ya chumvi na sukari, na Ijumaa jioni akarudi mgongoni kwa mama yake, mwepesi kama kapu tupu, macho yakiwa makubwa. Jambo la kwanza alilomwuliza bibi yake lilikuwa lini ataruhusiwa kwenda kuogelea.

Jumamosi ukungu haukuinuka. Watu walisimama ufukoni wamejitanda mashuka, wanaume mbele, wanawake nyuma chini ya migomba, na ukitazama kwa mbali ungeona vichwa bila miguu. Ng'ombe wa Lukasi alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kibanda cha Hasheem. Hakutulia. Kila wimbi dogo lilipogusa mchanga alirudi nyuma mpaka kamba ikakaza, akitazama matete, ingawa hapakuwa na kitu kwenye matete.

Lukasi alianza kusema habari za wafu. Andongwisye alisubiri mpaka kisu kilipotolewa, kisha akasonga mbele na kuweka chupa tatu juu ya sanduku la soda: moja rangi ya chai, mbili nyeusi.

"Ndugu Lukasi, ngoja kidogo. Aliyeleta ugonjwa huu ninamjua."

Minong'ono ilipita kama upepo. "Mtaje!" mtu alipaza sauti.

"Ni mimi."

Hasheem alifinya macho. Lukasi alishusha kisu. "Umeanza uchawi uzeeni, Baba Ackson?"

Wachache walicheka, kicheko cha woga.

"Ningekuwa mchawi ningejua ninalofanya," Andongwisye alisema. "Mimi nilijenga choo kizuri, nikakipaka chokaa, nikakiingia mwenyewe kila siku. Na kwa kukiingia nikamfungia mlango mtu mwingine wa nyumba yangu ambaye hawezi kuingia nilipoingia. Simtaji. Hana kosa. Kile kichaka kilichomsitiri nilikikata mimi nikapanda ndizi. Akabaki na mahali pamoja tu, kando ya maji haya ambayo mjukuu wangu anakunywa akiogelea. Chupa hizi zilikuwa zinanitaja mimi, wiki saba, na mimi nilikuwa naziandika tu."

Chini ya migomba vitambaa vilivutwa zaidi juu ya nyuso, na Andongwisye hakutazama upande huo. Wanaume walitazama miguu yao. Mmoja mmoja walionekana wakihesabu watu wa nyumba zao wenyewe.

"Unasema," Lukasi alianza, na sauti yake ilikuwa haina nguvu, "unasema mtoto wangu aliuawa na mimi?"

"Nasema juu ya choo changu, ndugu yangu. Juu ya chako sina la kusema."

Lukasi alizitazama zile chupa nyeusi. Kisha alimwendea ng'ombe, akakata kamba kwa kile kisu, na ng'ombe akapanda mteremko mbio bila kuongozwa. Lukasi akakaa chini kwenye mchanga, akajifunika shuka usoni.

Safina alieleza mambo ya mfereji na vyoo vya pili, kwa maneno machache. Hasheem alisema kwamba mabati aliyoleta kwa ajili ya kibanda chake yachukuliwe kuezekea vyoo hivyo, maana hata akipata kibali hatauza soda juu ya wino. Mtu mmoja aliuliza: na sisi tutajuaje kwamba wewe mwenyewe utaanza, wakati kesho ni Jumapili na sote tutaamka na haraka zetu?

Andongwisye aligeuka. Kwa mara ya kwanza alitazama upande wa wanawake, lakini alitazama chini, kwa mtoto. Tulia alikuwa amesimama mbele ya mama yake, akishikilia pindo la kanga. Nyuma yake Atupele alikuwa ameinama, amejifunika wote. Mkwe hawezi kumwambia neno mkamwana wake. Mtoto anaweza kuambiwa, na mwenye masikio akasikia.

Alipiga magoti kwenye mchanga mweusi, akavua kofia, na kusema kwa sauti ambayo hata waliokuwa mwisho kabisa kwenye ukungu waliisikia:

"Tulia, mjukuu wangu, mwambie mama yako hivi, na hawa wote ni mashahidi, na Kyala, Mungu wetu, anasikia. Choo kile chenye chokaa, tangu leo ni chake na chako. Mguu wangu hautakanyaga humo tena mpaka ninakufa. Changu nitakichimba kwa mikono yangu upande wa pili wa barabara, naanza leo kabla ya kula. Na wewe hutaingia kwenye maji haya, wala mtoto yeyote, mpaka chupa zote tatu zibaki safi miezi mitatu. Siku hiyo nitaingia mimi kwanza, mzee mzima na koti langu, nitakunywa maji haya mbele ya watu wote, ndipo nikuite. Naahidi."